Kopo la Vifungo

Katika miaka kumi na tisa ya kazi hii nimenawa mikono kuliko mtu yeyote ninayemjua, na kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya kwa mikono safi. Nianze basi na mikono, maana habari yote hii ni ya mikono, yangu na ya wifi yangu.

Yangu inafanya kazi katika kituo cha utafiti wa dawa za mimea. Naotesha miche ndani ya chupa. Nakata kipande cha shina kisichozidi ukucha, nakiosha kwa sabuni, nakitia kwenye klorini, nakipitisha kwenye spiriti, nakisuuza kwa maji yaliyochemshwa kwenye mtungi wa mvuke, halafu nakipanda katika chupa yenye jeli ya virutubisho. Kipande kikiwa safi, baada ya wiki tatu kinatoa majani. Kikiwa na uchafu, hata ule wa kuonekana kwa darubini tu, ukungu unaota juu ya jeli na chupa inatupwa. Sijawahi kuionea chupa huruma. Kituoni wananiita Mama Spiriti kwa sababu ya harufu, na wageni wakija kutembelea maabara mimi ndiye ninayewazuia mlangoni kwa ajili ya viatu vyao, awe waziri awe nani.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, na ni fundi cherehani. Aliyetukutanisha ametangulia miaka minane sasa. Watu walidhani baada ya msiba kila mmoja atashika njia yake, lakini tumebaki nyumba moja, yeye chumba cha mbele na cherehani yake, mimi cha nyuma, na jiko la kugombania katikati. Yeye husema kaka yake aliuawa na harufu ya spiriti. Mimi humwambia kaka yake aliniachia urithi mmoja tu, na urithi wenyewe una mdomo. Tumezoea hivyo. Siku tukisalimiana kwa adabu, majirani huuliza nani anaumwa.

Anayeumwa ni yeye. Baridi yabisi ilimwanza vidoleni akiwa na miaka arobaini na minne. Mtu aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano huku anakutazama usoni akaanza kuamka na vidole vilivyovimba, visivyokunjika mpaka jua liwe juu. Ana daftari la vipimo vya wateja, kiuno, kifua, urefu wa mkono, na mwandiko wake wa humo ulikuwa wa kujivunia, herufi zimesimama wima zote. Miaka ikaenda, mwandiko ukaanza kulala. Mwishowe akawa ananiita mimi nimwandikie, na kunisimanga kwa saba zangu zinazofanana na moja.

Kituo kilipotangaza kwamba kinatafuta wagonjwa wa viungo wa kujaribu dawa yetu mpya, wifi alipanga foleni kama watu wengine. Dawa ilitokana na majani ya kichaka kimoja kilichooteshwa zamani kuwa ua wa uzio nyuma ya chumba cha kufulia, majani machungu ambayo hata mbuzi hawayagusi. Jina lake la kitaalamu ni refu kuliko ua wenyewe, kwa hiyo sisi tulikiita kichaka tu. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa ndugu yangu, nilitakiwa kusaini karatasi kwamba sitagusa faili lake wala kuingilia matibabu yake kwa namna yoyote. Nilisaini haraka haraka. Kulikuwa na chupa zinanisubiri.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya watu arobaini. Mwezi wa tatu wifi aliamka asubuhi, akaja mlangoni kwangu, akanikunjia ngumi kana kwamba anataka kunipiga. Alikuwa anacheka. Ilikuwa miaka mitano hajakunja ngumi asubuhi. Mimi nikalia, halafu tukagombana nani amemaliza sukari. Mwezi huo alipokea tena oda za sare za shule, na daftari la vipimo akaninyang'anya.

Mafanikio ndiyo yaliyotuponza. Awamu ya pili ilihitaji watu mia moja na sitini, na ule ua usingetosha hata tungekamua mizizi. Daktari anayeongoza utafiti, mtu mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, aliniuliza kama naweza kuzalisha miche elfu nne kutoka ua uleule ili dawa ibaki ileile. Nikasema naweza. Ilinichukua mwaka na nusu. Kichaka kile kilikuwa kichafu sijapata kuona. Kati ya chupa mia nilizopanda, tisini na sita ziliota pete nyeupe ya ukungu kuzunguka shina, hata nilipoongeza klorini maradufu. Nikazitupa zote. Zile nne safi nikazikata, nikazipanda, nikakata tena, nikapanda tena, mpaka kibanda cha kioo kikajaa miche isiyo na doa. Nikapewa cheti. Halafu nikaandika barua kwa mkono wangu mwenyewe, nikipendekeza ule ua wa zamani ung'olewe usije ukaambukiza miche yangu. Uling'olewa Jumamosi moja, nikiwa nimesimama pale na orodha mkononi.

Wagonjwa wa mwanzo walioridhika, waliokuwa bado wanameza ile ya zamani, wakahamishiwa dawa mpya, iliyotokana na majani ya kibanda cha kioo. Ya zamani ilikuwa inakuja kwenye chupa za kahawia, mpya ikaja kwenye vikopo vyeupe, ila kapsuli zenyewe zilifanana. Hazikupita wiki nane, vidole vya wifi vikarudi kuvimba.

"Wifi," aliniambia asubuhi moja, anahangaika na mfuniko wa kopo la sukari kwa meno, "hizi dawa mpya na zile za zamani si ndugu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia ni ndugu kuliko mimi na yeye, shina ni lilelile na nimelikata mwenyewe, na kama anaona tofauti basi ajiulize anazimeza au anazichezea. Akanitazama, akaliacha kopo la sukari mezani, akaenda zake chumbani.

Kituoni nako mambo yalikuwa hayohayo. Damu za wagonjwa zilionyesha uvimbe umerudi ulikotoka. Daktari akatuita, akatuuliza mmoja mmoja. Mkemia akasema kile kiambato ambacho sote tuliamini ndicho kinachoponya, kimo kwenye majani mapya tele. Ilipofika zamu yangu nikasema wagonjwa hawamezi dawa. Nilisema kwa uhakika wa mtu ambaye chupa zake ni safi.

Wiki hiyohiyo kifungo cha koti langu la maabara kilidondoka, nikaenda kutafuta kingine kwenye kopo la vifungo la wifi, kopo la bati la biskuti lililopauka picha. Chini kabisa ya vifungo nikakuta kapsuli zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Sikuzihesabu, sikuuliza. Niseme kweli, nilifurahi. Nilijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake nilimkuta nesi wa utafiti koridoni, nikamwambia, kwa sauti ya kupitisha muda, kwamba kuna wagonjwa wanaoficha dawa, na hata nyumbani kwangu wapo. Jina sikutaja. Lakini nyumba yangu ina wagonjwa wangapi?

Wifi alipokwenda kliniki akaulizwa. Akakiri kwamba awamu ya kwanza, vidole vilipokuwa vizuri, kuna siku alimeza moja badala ya mbili ili ajiwekee akiba ya siku za kazi nyingi. Wakaandika kwenye faili lake kwamba mshiriki hamezi dawa inavyotakiwa na maelezo yake si ya kuaminika, hivyo taarifa zake zisihesabiwe. Taarifa zote, hata za ile miezi aliyopona. Akatakiwa kurudisha dawa zilizobaki, akarudisha kikopo cheupe. Akatakiwa kusaini, kalamu ikamtoka vidoleni mara mbili, nesi akamletea wino akaweka dole gumba. Alirudi nyumbani na kidole cha bluu. Alikisugua kwa limau mpaka kikachubuka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wifi anashona nguo tangu ana miaka kumi na sita, nadhani methali hiyo anaijua vizuri kuliko mimi.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa nimechoka ule uchovu usioponywa na kulala. Nilienda kazini, nikanawa, nikakata, nikapanda, nikarudi. Nyumbani utani ulikuwa umepungua. Alikuwa ananiita nimwandikie vipimo, naandika, anasema ahsante. Hiyo ahsante ilinisumbua, maana wifi yangu hakuwa mtu wa kuniambia ahsante. Tungekuwa tunatukanana ningejua tuko salama.

Utafiti nao ulikuwa unakata roho. Ilishapangwa siku ya kamati kukaa na kuufunga, na ripoti ingesema awamu ya kwanza ilikuwa bahati tu, watu walijisikia nafuu kwa sababu walitaka kujisikia nafuu. Kwa ajili ya kumbukumbu, daktari akaniomba nimletee matawi ya kichaka cha asili ya kukaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Nikamwambia ua uling'olewa. Lakini nilipokwenda kuangalia nikakuta kisiki kimoja ukutani pa chumba cha kufulia kimechipua upya, kinajitia hamnazo. Nikakata matawi ya daktari, na kwa mazoea tu nikapanda vipande kumi kwenye chupa.

Tisa vikaota pete nyeupe. Ilikuwa Ijumaa. Mtungi wa mvuke tunaoulia uchafu ulikuwa unavuja, fundi ameahidi kuja na hakuja, na mimi nilikuwa sina hata nguvu ya kukasirika. Nikazisukuma zile chupa kwenye kabati chini ya sinki, nikafunga, nikaenda nyumbani. Mama Spiriti huyohuyo. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kulaza chupa chafu maabarani.

Nilizisahau wiki tatu, na nilipozitoa nilikuwa nimeshashika pua. Nilitegemea uji wa majani yaliyooza. Nikakuta miche. Ilikuwa imelegea kidogo kwa kukosa mwanga lakini hai, na ile pete nyeupe imekaa miguuni pake kimya, haijapanda, haijala kitu. Ukungu unaoozesha hausubiri wiki tatu. Huu ulikuwa unaishi na mmea kama mpangaji na mwenye nyumba. Nikakaa chini sakafuni, kwenye sakafu ambayo siruhusu mtu aikanyage na viatu, nikaogopa. Nilikumbuka zile chupa tisini na sita.

Nilizipeleka kwa mkemia. Ni mtu wa makamo, mcheshi, tunamwita Mzee wa Vilima kwa sababu mashine yake huchora mistari yenye vilima, na kila kilima ni kiambato kimoja. Siku hiyo hakutania. Alichambua majani ya kibanda cha kioo, kisha ya zile chupa chafu, akaweka karatasi mbili dirishani moja juu ya nyingine. Vilima vililingana vyote isipokuwa mahali pamoja. Kwenye majani yangu safi mstari ulipita tambarare. Kwenye majani ya chupa chafu, palepale, kilisimama kilima kirefu ambacho hakuna mmoja wetu aliyewahi kukitafuta.

Akasoma na vinasaba. Ilikuwa kuvu, na haikai juu ya mmea, inakaa ndani, katikati ya nyama ya shina. Kama ni kuvu inayotengeneza kile kiambato au ni mmea unaokitengeneza kwa ajili yake, alisema, hilo ni swali la miaka mingine.

"Klorini yako haikuwa inaifikia," akaniambia. "Ulikuwa husafishi, ulikuwa unachagua. Zile nne ulizobakisha ndizo ambazo kuvu haikuwamo."

Akaniambia pia kwamba hiyo bado haitoshi. Bila dawa ya awamu ya kwanza, kilima kile ni hadithi ya Mama Spiriti na chupa zake mbovu, na kamati haifungui mlango kwa hadithi. Inabidi ionyeshwe kwamba dawa iliyoponya watu ilikuwa nacho. Na dawa ya awamu ya kwanza haikuwepo. Kanuni yetu ni kwamba dawa ya awamu iliyokwisha ichomwe baada ya miezi sita, nasi tulikuwa tumeichoma. Nikamuuliza angehitaji kapsuli ngapi. Akasema tano, kama kuna mtu wa miujiza anazo.

Nilirudi nyumbani saa tisa alasiri. Wifi alikuwa dirishani anashona sare, oda ya vipande thelathini, anasukuma kitambaa kwa upande wa kiganja kwa kuwa vidole vilikuwa havikubali. Nilimweleza habari ya mimea kwanza kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi. Nikamweleza ya kuvu, ya chupa tisini na sita, ya ua nilioung'oa. Nikamwambia alisema kweli, zile dawa hazikuwa ndugu. Nikamwambia ninahitaji zile kapsuli za kwenye kopo, kama bado anazo. Mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali muda wote huo.

"Maliza," akasema.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza."

Nikavuta kiti. Nilijua anachokitaka.

"Aliyemwambia nesi ni mimi," nikasema.

"Najua. Nesi mwenyewe aliniambia siku ileile, alidhani tumeshauriana. Nimekuwa nasubiri uniambie. Miezi saba, wifi. Unapika, unafua, unaniandikia vipimo, husemi."

"Niliona haya."

"Uliona haya, ukaniachia mimi aibu."

Nililia, lakini kidogo, maana nililiona si zamu yangu ya kulia. Aliniacha mpaka nikanyamaza, akainuka, akaleta kopo, akalimwaga mezani. Kitambaa kilikuwa palepale chini. Zilikuwamo kapsuli kumi na moja.

Akaniambia kliniki walipomuuliza zile za zamani alisema zimekwisha. Huo ndio uongo pekee aliousema, na huo hawakuuandika. Alikuwa amezijaribu mara mbili tangu vidole viharibike. Akimeza mbili kwa siku, siku ya tatu vidole vinafunguka, vinakaa hivyo siku mbili hivi, kisha vinafunga. Zilizobaki alikuwa anazitunzia zile sare thelathini.

Akaniuliza wanataka ngapi. Mkemia angefurahi kuzipata zote, na ningesema zote angenipa, nilimwona usoni. Nikasema tano. Akazisukuma tano upande wangu kwa ubavu wa kidole, moja moja, kama anahesabu vifungo vya shati.

"Hizi sita zangu, siku tatu," akasema. "Na kile walichoandika kwenye faili, kifutwe. Usiniletee samahani ya mtu. Nataka kifutwe."

Mkemia alizichambua kapsuli zetu tano, na kilima kilikuwamo kwenye kila moja. Vinasaba vya kuvu navyo vikapatikana, vimekaushwa lakini vinasomeka. Mzee wa Vilima alinipigia simu kunipa habari hiyo, na hata yeye sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kukaa chini.

Kamati ilikaa Jumatano, ikiwa imekuja na kalamu za kufungia utafiti. Mkemia alionyesha karatasi zake. Halafu nikasimama mimi. Nilisema ni mimi niliyechagua miche isiyo na dawa na kutupa yenye dawa, ni mimi niliyependekeza ua ung'olewe, na ni mimi niliyevunja karatasi niliyosaini nikapeleka maneno kwa nesi juu ya mgonjwa aliyekuwa anasema kweli. Nilisema kapsuli hizi tano tunazo kwa sababu mgonjwa huyohuyo aliweka akiba, kosa ambalo tulimfukuzia. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Daktari alikuwa ameshika barua yangu ya kung'oa ua, akawa anaitazama sahihi ya kuidhinisha iliyokuwa chini, ambayo ilikuwa yake mwenyewe.

"Nilisaini bila kusoma," akasema. "Nilikuwa nimechoka."

Hakuna aliyemlaumu, wala hakuna aliyenipigia makofi. Utafiti haukufungwa. Utaanza upya kutoka kwenye kile kisiki cha ukutani, na hesabu ya daktari ni kwamba haitapungua miaka miwili kabla mgonjwa yeyote hajameza kitu. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikakatazwa kukanyaga kliniki, na nikarudishiwa chupa zangu. Sasa natakiwa kutunza zile zenye pete. Kuhusu wifi, wakakubali kuandika tamko kwamba taarifa zake zilikuwa za kweli na zirudishwe kwenye hesabu. Ila kanuni ni kanuni, tamko lazima lisainiwe na mshiriki mwenyewe, au aweke dole gumba. Akapangiwa Jumatatu.

Jumatatu alivaa gauni lake la kushona mwenyewe, lile la kola. Nilimsindikiza mpaka mlango wa kliniki, nikabaki koridoni kama nilivyoamriwa, lakini mlango ulikuwa wazi na niliona. Nesi alimsomea tamko. Wifi akaomba asomewe tena, akasikiliza amefumba macho. Nesi akafungua droo, akatoa kile kisahani cha wino.

"Kalamu," wifi akasema.

Nesi akampa. Wifi akaishika vizuri, kwa vidole vitatu, akaandika jina lake, la baba na la babu. Hakuharakisha. Nesi aliigeuza karatasi upande wake, akaitazama muda, akasema mwandiko huu si wa kawaida. Wifi akasema anajua. Alipotoka koridoni alinipita bila kunitazama, kichwa juu, na nikamfuata nyuma nikiwa na furaha ya kijinga, nikidhani labda moyo ukitulia hata viungo hutulia.

Siku mbili baadaye, asubuhi, aliniita kutoka chumba cha mbele. Vidole vilikuwa vimefunga. Sare kumi na mbili zilikuwa zimekunjwa mezani, na zile kumi na nane nyingine nikaona zimetiwa kwenye mfuko wenye jina la fundi wa mtaa wa pili. Akaniomba nimtafutie kifungo cheupe cha matundu manne.

Nikalichukua kopo nikalimwaga mezani. Kile kitambaa kilikuwapo, kimekunjwa vizuri, na ndani yake hapakuwa na kitu. Vilivyobaki ni vifungo.

"Na sare?" nikamuuliza.

"Sare atashona mwingine," akasema. "Jina langu angeniandikia nani?"

Nikapata kifungo cheupe. Nikatunga uzi, mara ya nne ukapita, nikakishona mwenyewe kwenye shati la mtoto wa watu nisiyemjua. Nilikishona vibaya, kikakaa upande. Akakitazama, akasema saba zangu na vifungo vyangu ni mama mmoja, nifumue nianze upya.